Maji Hayakushika

Shangazi yangu amebatizwa mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa msichana wa miaka 14, amemaliza mafundisho, amevaa gauni jeupe la kuazima, na padre akammiminia maji kichwani katika kigango chetu ambacho wakati huo kilikuwa na kuta tu, paa bado. Mara ya pili alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu. Akazamishwa mtoni mzima mzima, akaibuka anakohoa, kwaya ikipiga vigelegele ukingoni.

Kati ya ubatizo ule na huu kuna mabati. Watu wa kigango walichanga miaka miwili: mwenye kahawa alileta kahawa, mwenye kuku alileta kuku, bibi yangu alitoa mbuzi. Fedha ikamfikia padre. Mabati hayakutufikia. Baadaye ikajulikana kwamba mjini kuna nyumba, na ndani ya nyumba hiyo kuna mama na watoto watatu wanaomwita padre "baba" kwa maana ya kawaida kabisa ya neno hilo. Akaondoka, na hakuna aliyekuja kutueleza chochote. Padre huyohuyo ndiye aliyenibatiza mimi. Sahihi yake imo kwenye cheti changu, imepinda kama mkia wa mjusi.

Siku nilipomuuliza shangazi kwa nini alirudia, tulikuwa uani tunachambua maharage. Hakuinua macho kwenye ungo. "Baba," akasema, maana nimerithi jina la baba yake na ndivyo anavyoniita, "yale maji hayakushika."

Kama rangi ya nguo. Unachemsha, unachovya, unaanika, na ukifua mara ya kwanza yote inatoka.

Nikamwambia sakramenti ni ya Kristo, si ya padre. Akanijibu, "Sawa, umejibu kama kitabu." Na kweli nilijibu kama kitabu, tena kitabu nilichokisoma nusu. Nikaona aibu. Nikaanza kusoma nusu iliyobaki, na huko nikamkuta shangazi yangu. Mama aliyeishia darasa la saba, hajawahi kuvuka mpaka wa nchi, alikuwa ameitamka akiwa na ungo mapajani hoja iliyolipasua Kanisa la Afrika Kaskazini kwa zaidi ya miaka 100.

Ugomvi wenyewe unaitwa wa Wadonati, na kwenye vitabu vya kanisa umewekwa kwenye rafu ya uzushi. Nataka nisimame kidogo kwenye neno hilo. Kwetu uzushi ni mafundisho ya imani yaliyopotoka, lakini kabla ya hapo uzushi ni habari ya mtaani isiyo na mwenyewe: fulani kafanya hivi, nimesikia, usinitaje. Lugha nyingine zina maneno mawili kwa mambo hayo mawili. Sisi tunalo moja, na nimekuja kuamini kwamba kwa kisa hiki Kiswahili kimepatia. Wadonati waliungama Utatu uleule, walisoma Injili ileile, walisali karibu sala zilezile na wenzao. Ubishi wao haukuanza na swali kuhusu Mungu. Ulianza na swali kuhusu nani alifanya nini siku polisi walipogonga mlango.

Mwezi Februari mwaka 303 Kaisari Diokletiano wa Roma, akiwa Nikomedia katika nchi ya Uturuki ya leo, alitoa amri: makanisa yabomolewe, Maandiko yakabidhiwe yachomwe moto. Katika Kilatini kitenzi cha kukabidhi ni tradere, na kitenzi hichohicho maana yake nyingine ni kusaliti. Aliyetoa vitabu akaitwa traditor, basi, ukishalitamka hakuna pa kujitetea. Sisi tunaweza kusema "alikabidhi" kwa upole, tukaacha "alisaliti" kwa siku nyingine. Mlatini hakuwa na nafasi hiyo. (Cha ajabu, kitenzi hichohicho ndicho kilichozaa neno tunaloliita mapokeo. Wao walitazama mkono unaotoa, sisi tukatazama mkono unaopokea.)

Sasa tuingie ndani ya nyumba moja.

Ni tarehe 19 Mei 303, mji wa Cirta, ambao leo unaitwa Constantine, nchini Algeria. Msimamizi wa mji, Felix, ambaye pia ni kuhani wa ibada ya Kaisari, anafika na watumishi wake kwenye nyumba wanamosali Wakristo. Karani anaandika kila kinachosemwa, na daftari lake limetufikia. Askofu Paulo ameketi, mapadre na mashemasi wamesimama, na wachimba makaburi nao wapo. Felix anadai Maandiko. Askofu anajibu kwamba Maandiko wanayo wasomaji. Sisi tutatoa kilichopo hapa, anasema. Basi wataje hao wasomaji, anasema Felix. Askofu anasema mnawajua wote. Hatuwajui. Makarani wenu wanawajua, anasema askofu. Tayari, bila kutaja jina hata moja, amekwisha kuwaonyesha njia.

Halafu vitu vinatolewa, karani anahesabu. Kalisi mbili za dhahabu. Kalisi sita za fedha. Mitungi midogo sita ya fedha. Taa saba za fedha. Vinara saba vifupi vya shaba pamoja na taa zake. Taa 11 za shaba na minyororo yake. Kanzu za kike 82. Shungi 38. Kanzu za kiume 16. Viatu vya kiume jozi 13. Viatu vya kike jozi 47.

Nilipofika kwenye viatu nilikiweka kitabu chini. Jozi 47 za viatu vya kike! Hilo si kanisa la mabishano ya wanafalsafa, hilo ni kabati la WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki. Ukifungua kabati la namna hiyo katika parokia yoyote ya kwetu utakuta hayohayo: magauni yaliyokunjwa yakisubiri mjane, viatu vikisubiri binti anayeanza shule, na taa moja mbovu ambayo kila mtu anasema ataitengeneza.

Kabati za vitabu zikakutwa tupu. Shemasi mdogo Silvanus, mshike jina hilo, akatoa kijisanduku cha fedha na taa ya fedha, akasema amevikuta nyuma ya pipa. Mtumishi mmoja akamwambia: ungekuwa maiti kama usingevipata. Shemasi mdogo mwingine, Catullinus, akaleta kitabu kimoja kikubwa sana. Kwa nini kimoja tu? Sisi ni mashemasi wadogo, vitabu wanavyo wasomaji. Tutajie. Hatujui wanakaa wapi. Basi majina tu. Hapo Catullinus na mwenzake Marcuclius wakagoma. "Sisi si wasaliti," wakasema. "Tuko hapa, amuru tuuawe." Wakakamatwa.

Ila makarani walijua njia, kama askofu alivyosema. Msafara ukaenda nyumba kwa nyumba. Eugenius akatoa vitabu vinne. Felix mwingine, fundi, akatoa vitano. Victorinus vinane. Victor, mwalimu wa sarufi, akatoa viwili na mabunda manne ya kurasa zisizojalidiwa, akaambiwa unavyo zaidi, akajibu ningekuwa navyo ningevitoa. Kwa Coddeo mwenye nyumba hakuwepo. Mke wake akaleta vitabu sita. Tafuta vingine. Sina. Mtumwa wa serikali akaamriwa aingie apekue. Akatoka: nimepekua, sikuona kitu.

Hiyo ndiyo dhambi yenyewe, kwa ukubwa wake halisi. Asubuhi moja, watu wenye hofu, karani na kalamu yake.

Mateso yakapita, na wale walionusurika wakaanza kuangaliana. Mwaka 311 hivi Askofu Mensurius wa Karthago, Tunisia ya leo, akafariki, na shemasi wake mkuu Caecilianus akachaguliwa harakaharaka. Maaskofu wa Numidia, jimbo lenye Cirta, walizoea kualikwa kwa jambo kama hilo, na mara hii walifika wakakuta sherehe imekwisha. Anayejua harusi za kwetu anajua uzito wa kosa hilo. Tena Caecilianus alikuwa na adui mmoja hatari: Lucilla, mama tajiri aliyekuwa na desturi ya kubusu kipande cha mfupa wa shahidi kabla ya kupokea komunyo. Caecilianus alimkemea mbele ya watu, naye hakusahau. Maaskofu wapatao 70 wakakutana, wakamtangaza Caecilianus si askofu, wakamweka Majorinus, msomaji, mtu wa nyumbani kwa Lucilla. Majorinus hakudumu, akafuata Donatus, na ndiye aliyelipa kundi jina lake.

Na sababu iliyotolewa? Mmoja wa waliomwekea Caecilianus mikono, Felix wa Aptunga, ni traditor. Mikono yake ni michafu. Mkono mchafu hauwezi kupitisha kitu kisafi, kwa hiyo Caecilianus hakupokea uaskofu, kwa hiyo mapadre aliowaweka si mapadre, kwa hiyo mtoto wako waliyembatiza amelowana tu. Maji hayakushika.

Hapo ndipo uzushi wa mtaani unapoingia. Serikali ikafanya uchunguzi kuhusu Felix wa Aptunga. Ushahidi mkubwa dhidi yake ulikuwa barua ya Alfius Caecilianus, mkubwa wa mji wa Aptunga wakati wa mateso (si yule askofu, majina yamegongana tu). Barua ilionyesha kwamba Felix alikubali vitabu vichukuliwe. Mzee akasomewa barua yake mbele ya hakimu, akashangaa: barua yangu mimi iliishia kwenye salamu za kuagana, hayo yanayofuata si yangu. Ikabainika kwamba aliyeyaongeza ni Ingentius, mwandishi aliyekuwa akifanya kazi kwa ajili ya wapinzani. Felix akasafishwa. Ushahidi mkubwa juu ya mikono michafu ulikuwa aya chache zilizobandikwa chini ya "wasalaam".

Lakini kesi ninayoipenda, kama mtu anaweza kupenda kesi, ni ya Desemba 320, mbele ya Zenophilus, gavana wa Numidia. Shemasi aitwaye Nundinarius alikuwa amegombana na askofu wake, na kwa hasira akafungua sanduku lote. Askofu huyo ni nani? Silvanus. Yule wa nyuma ya pipa. Shemasi mdogo aliyetoa taa ya fedha mwaka 303 sasa alikuwa askofu wa Cirta, tena mmoja wa waliomkataa Caecilianus kwa sababu ya mikono ya Felix. Daftari la karani likasomwa barazani. Victor mwalimu wa sarufi naye aliitwa. Akaanza kwa kujitambulisha kwa heshima zote, mwalimu wa fasihi ya Kilatini, mjukuu wa askari, asili yetu damu ya Kimoro, halafu akajaribu kusema yeye alikimbilia mlimani, hakuona kitu. Maneno yake mwenyewe ya miaka 17 nyuma yakasomwa mbele yake. Ikasemwa pia kwamba siku Silvanus alipochaguliwa wananchi walipiga kelele kuwa huyu ni traditor, na mpiganaji mmoja wa uwanjani akambeba mabegani. Mifuko 400 ya fedha ya Lucilla nayo ikatajwa: ilitolewa ati kwa maskini, na hakuna maskini aliyeiona.

Nilipofika kwenye hiyo mifuko 400 nikafikiri habari ya mabati, na nikacheka peke yangu.

Mtu angeweza kuishia hapo na kusema Wadonati walikuwa wanafiki, hadithi imekwisha. Wengi wameishia hapo. Mimi nimeshindwa, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni Sipriani. Huyu alikuwa askofu wa Karthago, akakatwa kichwa tarehe 14 Septemba 258, na hakuna Mwafrika aliyeheshimiwa kumshinda. Miaka miwili kabla ya kifo chake aliita maaskofu 87, na kauli ya kila mmoja ikaandikwa: anayetoka kwa wazushi abatizwe upya, kwa sababu nje ya Kanisa hakuna Roho, na asiye na kitu hawezi kukitoa. Askofu Stefano wa Roma alipinga vikali. Kwa hiyo Wadonati waliposema maji ya msaliti si maji, hawakubuni kitu. Walikuwa wanarudia alichofundisha babu yao shahidi. Waliobadili ni wale wengine, waliokaa Arles mwaka 314 kwa wito wa Kaisari na kukubali desturi ya Roma: aliyebatizwa kwa Baba na Mwana na Roho Mtakatifu awekewe mikono tu. Ndiyo maana hadi leo Mlutheri akiingia Ukatoliki hapa kwetu habatizwi tena. Habari iliamuliwa Ufaransa, kwenye mkutano ulioitwa kwa sababu ya ugomvi wa Waafrika.

Ya pili ni Kaisari. Mwaka 313 Konstantino, aliyekuwa ametoka kushinda vita na kuupendelea Ukristo, alituma fedha kwa Kanisa la Afrika, na fedha zikaenda upande wa Caecilianus. Kuanzia siku hiyo swali la nani askofu halali likawa pia swali la nani asaini fomu. Wadonati ndio waliokuwa wa kwanza kumwandikia Kaisari wakitaka awaamulie, jambo ambalo wapinzani wao hawakuacha kuwakumbusha. Wakashindwa Roma, wakashindwa Arles, wakashindwa mbele ya Konstantino mwenyewe. Askari wakatumwa, watu wakauawa, na mwaka 321 Kaisari akachoka akawaachia Mungu. Mwaka 347 wajumbe wawili wa mwanawe, Paulo na Macarius, walifika Afrika na misaada kwa ajili ya maskini. Donatus akawakatalia kwa swali moja: Kaisari ana nini na Kanisa?

Najua, aliyeuliza ni kiongozi wa kundi lililokuwa la kwanza kwenda kugonga mlango kwa Kaisari. Lakini swali ni zuri hata kama limechelewa, na jibu lililokuja lilikuwa na panga. Wadonati wakapata mashahidi wapya, safari hii waliouawa na dola ya Kikristo. Kwa mtu wa Numidia anayelima mashamba ya mwingine, askari ni askari: jana alikuja kuchukua Maandiko, leo anakuja kulazimisha umoja. Unamwelezaje tofauti?

Wala wao hawakuwa kondoo. Walikuwa na vijana wakali walioitwa circumcelliones, waliozunguka mashambani na marungu, rungu wakiliita "Israeli", na wakishambulia walipiga kelele ya "Deo laudes", sifa kwa Mungu. Askofu mmoja Mkatoliki wa Bagai walimpiga kwa mbao za altare, wakamtupa usiku kutoka juu ya mnara akaangukia lundo la samadi, na ndilo lililomwokoa. Maskini mmoja aliyesogea pale kwa haja zake ndiye aliyemkuta akiwa hai.

Watu hawa wa makanisa mawili walikaa mji mmoja, mara nyingi nyumba moja. Augustino, aliyezaliwa Tagaste mwaka 354 na kuwa askofu wa Hippo, Annaba ya leo nchini Algeria, anasimulia jambo dogo ambalo kwangu linazidi marungu yote. Kabla ya wakati wake Wakatoliki walikuwa wachache Hippo, na Faustinus, askofu wa Wadonati, alikataza mtu yeyote kuwaokea mkate. Mwokaji mmoja, mpangaji katika nyumba ya shemasi Mkatoliki, akautupa unga wa mwenye nyumba wake uliokwisha kukandwa bila kuuoka. Fikiria asubuhi hiyo. Unadaiwa kodi na mtu, unaishi chini ya paa lake, na unga wake unautupa kwa sababu ya alichofanya mtu fulani mwaka 303, kabla nyinyi wote wawili hamjazaliwa.

Augustino alipambana nao kwa kila silaha. Alitunga hata wimbo wa kuimbwa na watu wa kawaida, beti zikifuata herufi za alfabeti, kiitikio kikirudi kila mara, ili mama wa sokoni aijue kesi yote kwa moyo. Anayejua tenzi zetu haoni ajabu. Na hoja yake kuu kuhusu maji ni fupi kuliko wimbo: Petro akibatiza, anayebatiza ni Kristo. Paulo akibatiza, ni Kristo. Yuda akibatiza, ni Kristo.

Yuda! Hakutafuta mfano wa padre mlevi au mvivu. Alikwenda moja kwa moja kwa traditor wa kwanza, aliyekabidhi si kitabu bali Bwana mwenyewe, akasema hata huyo, maji yake yanashika. Nimejaribu kutafuta jibu la kumpa shangazi lililo bora kuliko hilo na sijalipata. Ukidai mikono safi, utaanza na padre wako, kisha askofu aliyemweka, kisha aliyemweka askofu, na kila mahali utakuta pipa na kitu nyuma yake.

Ila Augustino huyohuyo alianza akisema watu wavutwe kwa maneno tu, asilazimishwe mtu. Halafu akauona mji wake wa kuzaliwa, uliokuwa wa Wadonati, ukigeuka kwa kuogopa sheria za Kaisari, na mwaka 408 hivi akamwandikia mpinzani wake mmoja akikiri amebadili mawazo: hofu inaweza kuwa mwalimu. Akashika neno la Luka 14, washurutishe kuingia. Nampenda Augustino, nimesoma kurasa zake nyingi usiku, lakini kwenye barua hiyo huwa naruka. Neno alilolitoa pale halikurudi tena mfukoni; wenye mamlaka wa karne nyingi zilizofuata walilitumia kwa mambo ambayo yeye mwenyewe angelia.

Juni 411 pande zote mbili ziliitwa Karthago, kwenye ukumbi wa mabafu ya Gargilius, mbele ya mjumbe wa Kaisari aliyeitwa Marcellinus, ambaye alikuwa Mkatoliki na rafiki wa Augustino. Kila upande ulileta zaidi ya maaskofu 270. Wadonati walikataa kuketi, kwa sababu zaburi inasema sikuketi pamoja na watu wa ubatili. Kisha wakadai kila askofu Mkatoliki aliyetia sahihi ajitokeze ili mpinzani wake wa mji uleule amtambue kwa uso. Siku ikaisha hivyo. Mmoja anasogea, jina la mji linatajwa, kutoka upande wa pili mtu anajibu: namjua. Namjua. Nadhani walijuana kuliko walivyowajua waumini wao. Baadaye orodha ya Wadonati ilipokaguliwa, askofu mmoja akaitwa hakuonekana, wenzake wakasema alifariki akiwa njiani. Sasa sahihi yake iliyotiwa hapa Karthago ni ya nani? Ukimya. Hata kwenye kesi ya mwisho ya watu wasiokubali doa, kulikuwa na sahihi ya maiti.

Hukumu iliwaangukia Wadonati. Mwaka 412 sheria ikapiga marufuku kanisa lao: wakubwa faini ya dhahabu, watumwa na wakulima viboko. Mwaka uliofuata Marcellinus mwenyewe akakatwa kichwa kwa tuhuma za siasa. Mwaka 429 Wavandali, wavamizi kutoka Ulaya, wakavuka bahari, na Augustino akafa tarehe 28 Agosti 430 Hippo ikiwa imezingirwa.

Nilirudi kijijini mwezi uliopita kuchukua cheti kipya cha ubatizo kwa ajili ya mambo ya ndoa. Katibu wa parokia akafungua daftari kubwa lenye mgongo ulioshonwa upya kwa uzi wa gunia, akapitisha kidole. Jina langu. Namba. Wazazi. Msimamizi. Aliyebatiza, na ule mkia wa mjusi. Nikamwomba afungue daftari la zamani zaidi, nikaliona la shangazi pia, mkia uleule ukiwa bado wa kijana, umenyooka. Hakuna aliyekwisha kulikata jina lake.

Jioni nikamsomea shangazi orodha ya Cirta, nikiitafsiri kadiri nilivyoweza. Alikuwa anapepeta mchele. Kwenye jozi 47 za viatu aliguna. Habari ya Silvanus aliipokea kama mtu anayesikia habari za jirani: "Nilijua tu." Kwa Catullinus na mwenzake alisimamisha ungo, akauliza kama waliuawa, nikamwambia daftari linasema walikamatwa, basi. Nikaendelea hadi kwa Coddeo.

"Huyo mama alikuwa peke yake?"

"Peke yake. Mume hayupo."

"Akatoa sita."

"Sita. Wakamwingiza mtumwa apekue, akasema hakuona kitu."

Shangazi akaupiga ungo mara moja, pumba zikaruka. "Hakuona kwa sababu ni mwanamume," akasema. "Angetia mkono kwenye unga."